Mtani wa Meneja na Hesabu Mpya

Shomari Kibwana alikuwa mhasibu wa tawi letu la benki pale Temeke, na kama kuna mtu aliyeumbwa acheke, ni yeye. Alikuwa Mzaramo wa Mbagala, mfupi, msafi, na kicheko chake kilikuwa kikisikika mpaka barazani. Hata mteja aliyenyimwa mkopo alitoka akitabasamu. Mimi, Sesilia, nilikuwa keshia wa dirisha la kwanza, mtu wa Songea nisiye na subira na binadamu wengi. Kwa Shomari nilikuwa nayo.

Meneja wetu, Bwana Albano, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Sasa Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi. Atakutukana mbele za watu, nawe utacheka. Akikuchukulia kitu chako humnyang'anyi, unakikomboa kwa kumpa anachotaka. Basi kila asubuhi ilikuwa vituko.

"Mpagazi, umefika? Mzigo wa watu umeutua wapi?" Shomari angeuliza.

"Kaa kimya, mcheza ngoma. Shamba la babako uliliuza ukanunua ngozi ya ngoma," meneja angejibu, na kazi ikaanza.

Wageni walishika vichwa. Sisi tulishazoea.

Vituko hivyo vilikoma mwaka ule ulipokuja waraka wa makao makuu. Benki zilipofanywa mali ya umma, kila tawi lilibaki na namna yake ya kuandika hesabu, namna liliyorithi kwa wenye benki wa zamani. Yetu ilikuwa tamu sana. Mkopo ukishatolewa uliandikwa mali ya benki, na riba yake ikaandikwa faida, mkopaji alipe asilipe. Lori alilokopea mteja wetu mmoja lilikuwa limekaa juu ya mawe Chang'ombe, kuku wanatagia chini ya usukani, lakini kwenye vitabu vyetu lilikuwa likizaa riba kila mwezi. Kwa hesabu za namna hiyo tulionekana tawi lenye faida kuliko mengine, na meneja akasifiwa kwenye mikutano.

Waraka ukasema basi. Kuanzia ufungaji wa hesabu wa mwaka ule matawi yote yafuate kanuni moja. Riba ambayo haijalipwa isiitwe faida. Mkopo wenye shaka utengwe, na hasara yake ionekane mwaka huohuo, isisubiri miujiza.

Shomari akapiga hesabu upya. Faida yetu yote ikayeyuka, ikabaki hasara. Akampelekea meneja, akarudi amenuna.

"Kakataa," aliniambia. "Anasema ile mikopo ni mali yetu, imeandikwa, watu watalipa. Nirudishe hesabu kama zilivyokuwaga. Tena nisaini mie kwanza, ndio yeye asaini."

"Usisaini."

"Nisiposaini nimemwasi mkubwa wangu, na kazi nimeaga. Nikisaini, mkaguzi akija anaanza na mie. Dada Sesi, pale chini linaandikwa jina la baba yangu. Mzee Kibwana hakuwahi kusema uongo. Nikaliweke jina lake kwenye uongo?"

Siku zile hakucheka kabisa. Nilimhurumia, nikakasirika pia, maana meneja hakuwa mwizi. Alikuwa anaona aibu tu, na aibu ya mkubwa huwaangukia wadogo.

Asubuhi ya kupeleka hesabu makao makuu, meneja alitoka kumsindikiza mteja hadi mlangoni. Shomari akaingia ofisini mwake. Alipotoka alikuwa amebeba kiti cha meneja, kile kikubwa cha mninga chenye mto wa ngozi. Akakipitisha katikati ya wateja, akakiweka barazani, akakikalia na kukunja nne.

"Shomari! Kiti changu!" meneja akamaka.

"Chako kabisa, mtani. Nani kabisha?"

"Basi kirudishe."

"Cha nini tena? Si kimeandikwa kwenye daftari la samani kwamba ni cha meneja? Nenda kakae."

Wateja wakaanza kucheka. Mama mmoja muuza maandazi akapiga kelele, "Meneja, komboa kiti, utazeeka umesimama!"

"Nikae wapi, na wewe umekikalia?"

"Kaa daftarini." Kisha Shomari akainuka nusu, akashusha sauti, maana mambo ya wateja hayatangazwi barazani. Mimi nilikuwa nimeshawafikia mlangoni, nikasikia. "Mtani, kiti ni chako, lakini umesimama. Waraka hausemi zaidi ya hapo: mkopo ni wetu, lakini fedha hatuna. Anayesoma daftari atadhani umekaa."

Utani una mpaka wake, na nilidhani Shomari ameuvuka, kwamba sasa tutamsikia meneja wa benki na si mtani.

"Ukombozi wako nini?" meneja akauliza.

"Sahihi tu."

Bwana Albano akaingia ndani akaziomba zile hesabu mpya. Alizisoma palepale kwenye kaunta yangu, amesimama, kidole kikitembea taratibu kwenye mikopo yenye shaka. Alipofika mwisho akarudia juu. Halafu akamtazama Shomari.

"Umesahau mmoja."

"Upi, mtani?"

"Tanuri la mikate la Mtoni."

Kila karani akajifanya ana kazi. Tanuri lile lilikuwa la Gaspar, kaka wa mke wa meneja, na halikuwa limetoa mkate tangu kabla ya masika. Temeke nzima ilijua. Shomari naye alijua.

"Sikusahau," Shomari alisema, akiangalia viatu vyake. "Nilikusitiri. Shemeji ni shemeji."

"Kumbe na wewe umesimama! Unanitoa kwenye kiti mbele ya wauza maandazi, kumbe na wewe umesimama, na daftari lako linasema umekaa!"

Meneja akachukua kalamu yangu, akaliandika tanuri la Gaspar kwa mkono wake mwenyewe. Hasara ikaongezeka. Akasaini kabla ya mhasibu, akamsogezea karatasi.

"Saini na wewe, Mzaramo. Kisha vaa koti lako, twende wote nyumbani kwangu. Makao makuu nitawaeleza mwenyewe, lakini mke wangu siwezi kumwambia peke yangu."