Pole Zao Wakae Nazo

Kaka yangu ni kipofu na ni mbishi. Ukimuuliza ni lipi kati ya hayo mawili limempa taabu zaidi maishani, atakubishia kwanza namna ulivyouliza.

Nyumbani tunamwita Redio, tangu utotoni, kwa sababu akishawaka hazimiki. Kazi yake ni kupokea simu za malalamiko katika idara ya maji. Bomba limepasuka mbele ya duka la mtu, mtu anapiga, Redio anapokea. Atamuuliza yuko mtaa gani, karibu na nini, maji yanaruka au yanachuruzika, halafu ataandika yote kwenye kompyuta na mafundi watatumwa. Macho hayahitajiki hapo. Kompyuta yake ina programu inayomsomea kila kilicho kwenye skrini kwa sauti, masikioni, kwa kasi ambayo mimi nikiisikia naona kama bisi zinalipuka kwenye sufuria. Yeye anaelewa kila neno huku anaongea na mteja sikio la pili, na vidole vyake viko kwenye kibodi muda wote.

Kazi hiyo aliipata kwa jasho. Alizungushwa maofisini mpaka soli za viatu zikaisha, kila mahali akiambiwa pole, akipewa soda, akionyeshwa mlango. Nilikuwa nampeleka mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nagombana na makarani. Kwa hiyo mtu akinigusia kile kiti cha Redio, asishangae nikimpandia juu.

Sasa, jioni akishakula, Redio huvuta kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, anaweka simu sikioni, nayo inamsomea kama ile kompyuta, anaingia mtandaoni. Kuna jukwaa moja huko la watu wanaobishana kuhusu teknolojia na serikali: programu ipi itumike hospitalini, ipi mashuleni, nani apewe zabuni, data za wananchi zikae wapi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule chumba cha mbele, na sijawahi kuwaelewa wale watu. Kutwa wamekabana koo kuhusu mifumo ambayo wengi wao hawataigusa maisha yao yote. Ukimwambia mmoja wao aende kupanga foleni kwenye dirisha ambako huo mfumo umekwama, atakutumia kiungo cha makala.

Redio kule anaitwa Msumari. Picha yake ni msumari, basi. Hakuna aliyejua ni nani, anafanya kazi wapi, wala kwamba haoni. Siku moja nilimwuliza anapata nini kule zaidi ya kuumwa kichwa.

"Kule, mdogo wangu, wananitukana kama mtu mzima," akasema.

Mtaani hakuna anayemtukana Redio. Wanamshika mkono bila kumwuliza, wanamvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka, wanamwongelesha kwa sauti ya juu kama vile masikio nayo yameharibika. Akisema jambo la kijinga, wanatabasamu na kumkubalia. Kwenye lile jukwaa akisema la kijinga anachanwa mpaka mfupa unaonekana, na yeye anarudi kesho yake na mafuta ya taa.

Adui yake mkubwa alijiita Kisu Butu. Hatumjui ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Tunajua tu kwamba ana ulimi mchafu na hasahau kitu. Ugomvi wao mkubwa ulihusu idara za serikali, ikiwemo hiyo ya maji. Zilikuwa zinatumia programu ya zamani ya kampuni ya nje, ile ya skrini nyeusi na maandishi tu, inayokodiwa kila mwaka. Msumari alikuwa upande wa kuitupa. Tuwape kazi vijana wetu, aliandika, wajenge mfumo wetu wenyewe, hela ibaki nyumbani na ujuzi ubaki nyumbani. Alilivalia njuga suala hilo kiasi kwamba wifi yangu, mkewe, alianza kuuonea wivu huo mfumo.

Kisu Butu alikuwa anauliza swali moja tu, kila mara lilelile. "Nani ameujaribu? Nitajieni mtu mmoja anayefanya ile kazi kila siku, aliyekalishwa mbele ya huo mfumo akaujaribu."

"Hayo ni maswali ya waoga," Msumari alimjibu, na watu wakampigia makofi.

Upande wa Msumari ukashinda. Si kwamba serikali ilisoma jukwaa lao, ila walifurahi kana kwamba ilisoma. Mfumo mpya ukatangazwa, vijana wakapigwa picha, na Redio siku hiyo alileta soda nyumbani kwa kila mtu.

Mfumo ulipofika idarani kwao, kilichompata nilikijua kwa bahati. Asubuhi moja alisahau chakula chake mezani, nikampelekea ofisini. Nilipoingia, sikumkuta kwenye kiti chake. Kwenye kiti kulikuwa na binti mgeni, anabofya kwa kipanya na kutafuta kitu kwenye skrini yenye rangi kama kitambaa cha harusi. Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, karibu na mlango, fimbo kati ya magoti, mikono juu ya fimbo. Ameketi kama mzigo unaosubiri mwenyewe.

Nikamfuata mkuu wa kitengo. Ni mtu mpole, na watu wapole wa namna hiyo ndio wananichemsha damu.

"Usijali, dada," akaniambia. "Tumempumzisha. Kazi yake sasa ni kukaribisha wageni."

"Wageni gani? Hapa watu wanakuja kulalamika maji!"

"Mfumo mpya haukubaliani na ile programu yake ya kumsomea. Ni mambo ya kitaalamu. Mshahara anapata mpaka mkataba uishe mwisho wa mwaka, halafu tutaona."

Hiyo tutaona naijua. Nimeisikia kwenye ofisi zaidi ya ninazoweza kukumbuka.

Nilirudi koridoni kwa Redio, nikamwambia aje tuondoke. Akakataa. Akafungua mkebe wa chakula pale pale kwenye benchi, akala taratibu, na kila aliyepita alimpa shikamoo ya kumhurumia. Kabla sijaondoka alinieleza kwa sauti ya chini. Kwenye mfumo wa zamani kila kitu kilikuwa maandishi, programu yake ilisoma kila mstari. Huu mpya umejaa vitufe vya kupendeza, vyenye picha ya simu, picha ya bomba, picha ya spana, lakini waliovitengeneza hawakuvipa majina kwa ndani. Kwa hiyo masikioni mwake ilikuwa ni kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Kipi cha kupokea na kipi cha kufuta, hajui. Siku ya kwanza alifuta malalamiko ya mtaa mzima.

Jioni ile nyumbani sikumsubiri hata avue viatu.

"Wewe si ndiye uliyeupigia debe? Wewe si Msumari?"

"Ndiyo mimi."

"Na hukujua kwamba mfumo unaweza kuja usioongea na wewe? Wewe, wa kwanza kati ya watu wote?"

Akanyamaza. Redio kunyamaza ni jambo la kuita majirani.

"Nilijua," akasema. "Kila Kisu Butu alipouliza nani ameujaribu, nilijua swali la kuongezea. Wasioona watautumiaje? Swali fupi. Lakini ukiuliza hilo mara moja, mtu anakuuliza kwa nini unauliza. Ukiuliza mara mbili, wameshajua."

"Wakijua ndiyo nini?"

"Wataanza kunionea huruma."

Nilishikwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Kwake, kwa sababu alikalia swali ambalo lingemwokoa. Kwa wale vijana waliochora spana na wasikumbuke kwamba kuna watu hawaoni spana. Kwa mkuu wa kitengo na benchi lake. Kwa lile jukwaa zima, ambalo lilibishana kuhusu heshima ya taifa mpaka mate yakawakauka, na katika wale wote hakuna aliyemfikiria mtu wa kupokea simu. Nikamwambia maneno mabaya ambayo sitayarudia hapa, naye akayapokea kama anavyopokea simu ya mtu ambaye maji yamemwingilia ndani.

Wifi yangu alikuwa anakunja nguo. Ni mwalimu wa chekechea, hapandishi sauti. Alimaliza kukunja shati, akaliweka.

"Baba watoto," akasema, "chagua. Msumari au kiti."

Alichagua kiti. Aliandika akiwa pale pale kwenye kigoda, na alipomaliza alitutajia neno kwa neno. "Mimi ni Msumari. Napokea simu idara ya maji na sioni tangu kuzaliwa. Mfumo nilioutetea hapa umenitoa kwenye kazi yangu kwa sababu vitufe vyake havina majina. Nililijua swali la kuuliza na sikuliuliza. Naomba vipewe majina." Akabonyeza kutuma, akaweka simu mezani, kifudifudi.

Mungu wangu, zile pole! Kesho yake simu ilikuwa haikauki. Pole sana kaka. Pole shujaa. Wewe ni mfano kwetu sote. Mikono ya kuomba, mioyo, machozi. Watu waliokuwa wanamwita takataka juzi walikuwa wanamwita baba. Habari ikasambaa, ikafika kwenye ukurasa wa idara, na idara ikaona aibu. Idara ikiona aibu huita mpiga picha. Mkuu wa kitengo akaja kwenye benchi na wageni wenye suti, wakamkabidhi Redio zawadi mbele ya kamera. Ilikuwa fimbo nyeupe. Mtu ana fimbo mkononi, wanampa fimbo! Alibaki ameshika fimbo mbili na wao wamesimama huku na huku wanatabasamu, na picha hiyo ipo mtandaoni mpaka leo.

Basi nikaenda mwenyewe idarani, nikasimama mbele ya mkuu wa kitengo, nikamwambia fimbo tumeipokea, sasa vitufe viko wapi. Sikushusha sauti. Korido nzima ilisikia. Nadhani alinipa namba ya wale vijana ili niondoke tu. Redio akawapigia. Aliyepokea alikuwa na adabu zake, akaomba radhi mpaka nikachoka kusikia. Alisema ni kazi ndogo mno, ni kuandika majina tu, ila hawakuifikiria. Akavipa majina haraka kuliko mimi ninavyoshona kola.

Kazi ndogo mno! Kwa kazi ndogo mno mtu amekaa benchi akila chakula chake kati ya shikamoo za huruma. Nilitaka nimnyang'anye simu. Redio akanishika mkono.

Kwa hiyo kiti alikipata. Binti akahamishiwa dirisha la malipo, bisi zikaanza tena kulipuka masikioni mwa kaka yangu, na kila kitufe kikaanza kujitaja jina. Nilidhani tutamsikia anaimba.

Hakuimba. Jioni alikaa kwenye kigoda na simu sikioni na uso wake ulikuwa umekunjamana. Alikuwa anaandika mambo ya kichokozi makusudi, ili mtu amrukie. Aliandika kwamba data zote za wananchi zikae nje ya nchi, jambo ambalo angelikataa mpaka kufa. Wakampa mioyo. Akaandika kwamba shule hazihitaji kompyuta kabisa. Wakamwambia ahsante kwa mtazamo wako, shujaa wetu. Hakuna aliyembishia hata neno.

"Wamenizika," alimwambia wifi. "Wamenizika na maua juu."

Kisu Butu, ambaye ningemtegemea, alikuwa kimya tangu siku ile ya ungamo. Nilishamweka kundi moja na wengine.

Halafu jioni moja, sisi tunaondoa vyombo, Redio akapiga kelele hadi nikaangusha sufuria. Akatuita. Akapunguza kasi ya ile sauti inayomsomea, jambo ambalo hajawahi kutufanyia, ili na sisi tusikie kila neno. Sauti ya mashine ikasoma taratibu, bila hisia yoyote:

"Kisu Butu anaandika. Msumari, nilikuwa nakuwekea pole yangu, nikaona umepewa za kutosha kufungua duka. Sasa tuongee. Niliuliza nani ameujaribu, ukaniita mwoga. Jibu ulikuwa nalo wewe, ukalikalia, na wenzako wasioona walioko idara nyingine wako kwenye mabenchi mpaka leo kwa sababu yako. Wewe ni mpumbavu, na macho yako hayahusiki. Halafu hili la data kukaa nje ya nchi ni upuuzi mtupu. Jibu hoja."

Nikageuka kumwangalia kaka yangu, tayari kumtetea, tayari kumtafuta huyo Kisu Butu popote alipo. Redio alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika. Wifi akamwekea mkono mgongoni. Alipoinua uso ulikuwa umelowa na umechanua.

"Mmesikia?" akasema. "Mmesikia alivyonitukana?"

Akairudisha tena tangu mwanzo, tukasikiliza sote. Pale penye mabenchi akaacha kucheka, akaisimamisha sauti. Kisha akavuta kigoda, akasema atampa huyo mshenzi hoja mpaka akome, na baada ya hapo wataongea habari ya hao wengine na vitufe vyao.

Nilikuwa na sare za darasa zima za kumaliza, na kelele zake huwa zinanipotezea mshono. Jioni hiyo sikumwambia aweke simu chini.