Jina la Mwenye Nyumba ya Kona

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, na hata mumewe, mbele ya wageni, alimwita hivyo hivyo. Alishona mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, majora ya vitambaa yameegemezwa ukutani, na sakafuni nyuzi zisizoisha hata ufagie mpaka mgongo ukuume. Kwa kazi hiyo alikuwa ameshaingia karibu kila nyumba ya mtaa ule. Alipanda kigoda na futi yake akapima madirisha, na macho nayo yakapima ya kwao. Alijua nani halali chumba kimoja na mkewe, na nani analia hana kitu huku makochi yake bado yana nailoni ya dukani. Hakuwa mbeya wa kukaa vibarazani. Ila akishapewa chai, ulimi ulilegea.

Ndiyo maana nyumba ya kona ilipouzwa asijue, ilimuuma. Mwenyewe, bibi mmoja mjane, alichukuliwa na wanawe asubuhi moja bila kuaga. Hapakuwekwa kibao cha kuuza, hakuonekana dalali. Kabla vumbi la lori halijatulia akahamia mwanamume mmoja mrefu, mtu mzima, mwenye miwani mizito, peke yake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kubadilisha kufuli la geti. Cha pili, alibandika karatasi za kaki kwenye madirisha yote, kwa ndani.

Hiyo kaki ndiyo iliyomwasha Mama Pazia. Mtu anahamia milango michache tu kutoka kwa fundi wa mapazia, halafu anabandika karatasi kama duka lililofilisika? Akaanza kumchunga. Akaona kwamba bwana yule hatoki kwa njia aliyorudia jana. Akaona kwamba akifika kwenye geti hugeuka kwanza, akatazama mtaa huku na huku, ndipo afungue. Mama wa dukani alimwuliza jina lake, akajibiwa, "Niite jirani tu, inatosha."

"Mtu mwema hana haja ya kuficha jina," alisema mama wa dukani, na Mama Pazia akaona ni kweli tupu.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache. Alipoelezwa habari za kaki na za geti, aliendelea kunawa mikono, kisha akasema, "Pilipili usiyoila yakuwashia nini?" Mkewe akamwambia kwamba yule bibi mjane huenda amedhulumiwa, na watu wote wamekaa kimya. Alivyosema hivyo akajiamini mwenyewe, na tangu hapo haukuwa udaku tena, ukawa wajibu.

Mama wa dukani ndiye aliyemfungua macho kwamba kule ofisi ya ardhi daftari la nyumba si siri. Yeyote mwenye kitambulisho anaweza kuuliza nyumba fulani ni ya nani, akaambiwa. Mama Pazia akavaa gauni lake la kwendea mikutano, akaenda. Karani alikuwa binti mpole aliyevaa sweta japo kulikuwa na joto. Alimpa fomu ajaze jina lake, mahali anapoishi na sababu ya kuuliza. Hapo kwenye sababu Mama Pazia akasita, mwishowe akaandika: ujirani. Binti akabofya bofya, kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta.

Nyumba ya kona ilikuwa ya mwanamke, wala si yule bibi mjane.

Jina lake lilikuwa pale, na chini ya jina anwani yake, upande wa pili wa mji, nyuma ya maegesho ya malori. Mama Pazia akaisoma mpaka ikamkaa kichwani. Njiani damu ilimchemka. Nyumba ya mwanamke, anayekaa ndani ni mwanamume, na madirisha yamezibwa. Huyo mwanamke yuko wapi? Alipopita dukani alijizuia asiseme, akashindwa, akamdokezea mama wa dukani kwamba mwenye nyumba si yule bwana. Jioni mtaa mzima ulikuwa umeshamzika huyo mwanamke, tena bila sanda.

Kesho yake akamfuata kwenye anwani ile. Alitazamia kukuta mlango umefungwa, au wapangaji wasiomjua. Badala yake alimkuta mama mmoja mzee kibarazani, mzima wa afya, anachambua mchele kwenye ungo. Mama Pazia akaamkia, akajibiwa vizuri. Akataja jina, mama akaitikia kwamba ndiye. Basi akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema, kama anajua kwamba kuna mwanamume anakaa kwenye nyumba yake ya kona.

Mikono ya yule mama ikasimama juu ya ungo.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama. Mimi ni jirani wa huko."

"Kwangu umepajuaje?"

Mama Pazia akamweleza habari za daftari. Yule mama hakungoja amalize. Aliinuka, mchele ukamwagika, akaingia ndani, na Mama Pazia akasikia komeo la juu, kisha la chini, kisha kitu kizito kikiburutwa mpaka nyuma ya mlango. Akabaki peke yake kibarazani na ule mchele. Kwa mara ya kwanza akahisi kwamba mwenye kutisha ni yeye.

Kesho yake jioni, yule bwana wa nyumba ya kona akaingia karakana. Alikataa kiti. Alisimama akiwa ameupa mgongo ukuta, mahali ambapo aliuona mlango.

"Jana ulikwenda kwa dada yangu," alisema.

Mama Pazia hakuweza kukana. Bwana akaeleza kwa ufupi, kama mtu anayesoma. Alikuwa hakimu mpaka alipostaafu. Kuna mtu alimhukumu kifungo, na mtu huyo alipotoka jela akaanza kumtafuta. Nyumba yake ya kwanza ilivunjwa vioo. Ya pili iliwashwa moto mlangoni. Hii ya tatu akaiandikisha kwa jina la dada yake, kwa kuwa dada hana ugomvi na mtu, na nani angemtafuta?

"Nikasahau kwamba jina huandikwa pamoja na anwani. Sasa dada halali. Anasema, kama fundi wa mapazia amefika, na huyo mwingine atashindwa nini?"

Mama Pazia aliomba radhi, na radhi yake ilikuwa ya kweli. Ila hata alipokuwa akiitamka, moyo ulimnong'oneza kwamba hata tapeli angeweza kuja na hadithi kama hiyo. Akauliza amejuaje kwamba ni yeye aliyekwenda.

"Anayetazama daftari naye huandikwa," alisema hakimu. "Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza nani ametazama. Jina lako liko pale, na sababu yako: ujirani." Akaisukuma miwani yake juu. "Na mimi nitajuaje kwamba hukutumwa?"

Mama Pazia angeapa kwa kitu gani mbele ya mtu aliyesikiliza viapo maisha yake yote? Bwana yule akauelekea mlango, na pale kizingitini akageuka.

"Ya kwangu umeitazama. Ya kwako mwenyewe umewahi?"

Hakuisema kwa wema. Lakini neno lile lilibaki karakana baada yake. Mama Pazia akakata kitambaa cha mteja kikatoka kifupi, jambo ambalo halikuwa limemtokea miaka mingi. Mumewe aliporudi akamwuliza nyumba yao imeandikwa jina la nani. Mume akashangaa. Si aliachiwa na baba yake, na kila mtu anajua? Akambana kila siku, wakati wa kula na wakati wa kulala, mpaka mwanamume akachoka, wakaenda wote wawili.

Binti wa sweta akamtambua. Akafungua daftari kwenye kompyuta. Nyumba ilikuwa bado ya baba mkwe, aliyefariki kabla cherehani ya pili haijanunuliwa. Mumewe akacheka kidogo, akasema hayo ni makaratasi tu, yatarekebishwa. Ndipo Mama Pazia akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeitazama. Kwa kuwa mume alikuwa mwana wa marehemu, binti akakubali kuangalia.

Yupo. Alikuja karibuni, tena mara mbili. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na kwenye sababu alikuwa ameandika: maandalizi ya kuuza.

Mume hakucheka tena. Huyo mdogo wake alikula kwao kila Jumapili. Alikuwa mtu wa mizaha, akiingia tu watoto wanamrukia, na Mama Pazia ndiye aliyemshonea mapazia ya harusi yake bila malipo. Kikulacho ki nguoni mwako, na wao walikuwa wakikipakulia nyama.

Jumapili mume akamwuliza mdogo wake mezani, kwa upole. Shemeji akasema alitaka tu kujua thamani yake, mtu haulizi? Alipoambiwa ile sababu aliyoiandika, akaweka kijiko chini. Akasema nyumba ni ya baba, na baba hakuwa na mtoto mmoja. Hapo hakukosea, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Mambo yalikwenda mahakama ya mirathi, yakachukua muda, yakachukua na usingizi. Mwishowe shemeji akapewa shamba la baba, mume akabaki na nyumba. Siku ya kuandikisha Mama Pazia alisema jina lake liwekwe kando ya la mumewe. Mume akamtazama kana kwamba naye sasa anashukiwa. Akatia sahihi.

Kule kona, dada wa hakimu alihamia kwa kaka yake. Kaki ikabanduliwa, yakawekwa mapazia mazito, na mshono haukuwa wa mtaa ule. Mama wa dukani alipouliza kilichogunduliwa, Mama Pazia alimjibu kwamba alikosea nyumba. Hakuaminiwa, lakini hakuongeza neno.

Shemeji anakuja bado siku za Jumapili, na mizaha yake ni ile ile. Mama Pazia humpakulia, humcheka anapostahili kuchekwa, ila hamwachi peke yake kwenye chumba chenye kabati la hati za nyumba. Na kila akienda mjini kununua nyuzi hupita ofisi ya ardhi akamwuliza yule binti kama kuna aliyetazama. Binti humjibu kwamba hakuna. Hushukuru, huondoka, na kabla hajafika kituoni huanza kujiuliza kama binti amesema kweli.