Ardoise Mbele ya Kamera

Harufu ya mafuta ya jenereta hunipandisha hasira hata leo. Inanirudisha kwenye siber ya mtaa wetu pale Kadutu, chumba chembamba cha intaneti chenye kompyuta tano na feni iliyokohoa kuliko kupuliza. Kila Jumapili baada ya misa, maman alinipeleka huko kumwona papa, yaani baba yangu, aliyekwenda Ubelgiji kusoma kwa mwaka mmoja. Mwaka huo ulikuwa umeshafika wa tatu.

Tulisema kumwona, lakini niwaambieni ukweli, tulichoona ni kichwa kilichokwama mdomo wazi, kikakatika vipande, kikarudi kikitazama kwingine. Sauti haikuwepo, maana mikrofoni ya siber ilishakufa zamani. Basi waliandikiana. Maman, aliyesaka kila herufi kwa kidole kimoja, alimaliza saa nzima akieleza bei ya makaa na bati la jikoni linalovuja. Mimi nilikaa kando na soksi zangu nyeupe, natazamwa kama picha ya ukutani. Nilichoka mno!

Nilikuwa na swali moja tu. Jumapili moja nikaficha ardoise yangu ya shule, kile kibao cheusi cha kuandikia kwa chaki, chini ya sweta. Maman alipoinamia herufi zake, nikaiinua mbele ya kamera: PAPA UTARUDIA SIKU GANI?

Papa alisogeza uso karibu na kioo, akarudi nyuma. Kisha maneno yake yakatokea: « Sioni bien. Image iko mubaya. »

Nikatazama kile kidirisha kidogo tulimojiona sisi wenyewe. Kumbe herufi zangu zote zilikuwa zimegeuka, kama kwenye kioo! Nikafuta kwa mate na kuandika upya kuanzia kulia, kinyumenyume, R ikiangalia upande wa pili, jasho likinitoka.

« We mutoto, unafanya nini? Acha papa yako apumuzike! » maman alinikemea.

Nikainua tena. Kidirishani ilisomeka safi kabisa. Papa akaandika: « Iyi sielewe hata kidogo. » Muunganisho ukakatika, nami nikalia njia nzima hadi nyumbani, nikijilaumu kwamba sijui kuandika. Wiki nzima nilifanya mazoezi ya herufi za kinyume, mpaka mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa.

Sasa nafanya kazi ofisini, na mikutano ya video haiishi. Juzi nilimwonyesha mwenzangu wa Goma karatasi, nikamwomba radhi kwa kuwa imegeuka. Kijana yule, ambaye huniita maman kwa heshima, akacheka.

« Maman, iko inageuka kwako tu. Miye huku nasoma bien, iko sawa. »

Nikazima kamera. Papa hakurudi kuishi nasi, na hilo nilishalizoea. Kinachonikera ni ile wiki nzima ya kujifunza kuandika vibaya ili anielewe, ilhali mara ya kwanza alikuwa amenisoma.