Mnazi Wangu na Waya wa Bara

Siku waliyokuja mafundi wa umeme kuukata mnazi wangu naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojiona mjanja kuliko watu wote wa Mikindani. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini. Marehemu baba aliniachia shamba, na ndani yake mnazi alioupanda nilipozaliwa, akakifukia kitovu changu shinani. Juu ya shamba zilipita nyaya kubwa za umeme za kwenda bara. Nasema za kwenda bara kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyoamini. Mitambo iko kwetu, karibu na bandari, moshi tunauvuta sisi, kisha umeme upande juu, watu wa bara waufaidi huko. Nani asingeshuku?

Msimamizi wa mafundi alikuwa Mkamba mpole, jina lake Mutua. Alibisha hodi kwa adabu, akasema mnazi umerefuka na kuinamia waya, akaomba ruhusa aukate.

"Kitovu changu kiko hapo," nikamwambia. "Nenda kakate wa mamako!"

"Dada, nyaya hizi ni za wote."

"Za wote? Wallahi, hunidanganyi mimi."

Nikafunga lango kwa kufuli.

Mwezi haukuisha. Ilikuwa Ramadhani, ikapiga mvua kubwa, mnazi ukaulalia waya kwa kishindo. Mikindani yote ikazimika, na Changamwe, hata Likoni. Kumbe wiki ile mitambo yetu ilikuwa imefunguliwa kutengenezwa, na umeme tuliokuwa tukitumia ulishuka kutoka mabwawa ya bara, kwa waya ule ule. Mimi peke yangu nilijua ulipokatikia. Nikanyamaza. Siku mbili, mwanangu, mafundi waliufuata waya kwa miguu kutoka Mariakani, nami nimejifungia ndani kwa hofu na aibu.

Jirani yangu Bi Mwanaisha alikuwa mjane, na riziki yake yote ilikuwa friza moja, siku zile limejaa samaki wa kuuza Idi. Siku ya pili harufu ilivuka ua. Nilimkuta akiwazika samaki wake migombani, nikashindwa kuvumilia, nikamweleza yote. Hakunifokea. Afadhali angenipiga.

"Juzi magharibi nilikuletea sahani ya mbaazi za nazi," akasema. "Uliirudisha sahani na nini?"

"Kaimati, bi."

"Ulipita mlango gani?"

"Huo huo wako."

"Basi na waya ule ni mlango. Wewe uliona chakula kikitoka, hukuuliza kama kinaingia. Haya, nenda kawaoneshe mafundi."

Nilimfungulia Mutua lango huku nikitazama chini. Akaingia na wenzake, wakaukata mnazi wangu, wakaunga waya. Kabla ya futari taa ziliwaka, na friza la Bi Mwanaisha likaanza kunguruma, tupu.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnakusanya saini za kuizuia minara mipya ya nyaya, itakayoleta umeme wa upepo wa kaskazini na kupeleka wetu kwa wenye upungufu. Sitakuficha, shaka ninayo hadi leo. Mtu akija shambani kwangu na faili, namtazama viatu kwanza, nione kama amewahi kukanyaga shamba. Waulizeni umeme unakwenda wapi, na utarudi kwa njia gani. Waulizeni kwa nini minara ipite kwetu isipite Nyali kwa matajiri. Ulizeni mpaka wachoke. Lakini mkijibiwa ukweli, fungueni lango, kwani njia ikiwa moja tu, mnazi mmoja unatosha kuwatia watu wote gizani. Mimi ndiye shahidi. Na ukigundua kosa ni lako, sema siku ile ile, kabla samaki wa mtu hawajaoza.

Mungu akupe macho ya kushuku na ulimi wa kuuliza, mwanangu. Nyumba yako iwe na nuru, na ya jirani yako isizimike kwa sababu ya kufuli lako. Amin.