Kikohozi Nilichokiita Vumbi la Ulezi

Huku Ufipa, msimu wa kupura ulezi ukifika, hakuna anayemuuliza mwenzake kwa nini anakohoa. Vumbi lake linawasha ngozi na kukwaruza koo, na anayekohoa anaambiwa "pole na ulezi", basi, yameisha. Ndiyo maana mwaka ule nilikohoa wiki nenda wiki rudi mbele ya watu wazima wenye akili zao na hakuna aliyeshtuka. Mimi mwenyewe sikushtuka.

Mama alikuwa amepooza upande mmoja, nami nilifunga nyumba yangu ya Izia nikahamia kwake Pito kumuuguza. Tulipotoka hospitalini tulionywa jambo moja: kifua chake ni dhaifu, mwenye mafua asimsogelee. Nililishika onyo hilo kwa ukali wangu wote wa ualimu. Mjukuu aliyekuja na kamasi nilimrudishia mlangoni. Jirani aliyepiga chafya nilimnyima kiti, na hadi leo ananisalimia kwa kujilazimisha.

Asubuhi nilimgeuza mama, nikamwosha, nikamlisha uji, kisha nikatembea hadi shuleni, kwenye darasa ambalo nusu yake ilikuwa inavuta kamasi kwa baridi ya Juni. Jioni nilifua mashuka, nikapura ulezi wetu kidogo kidogo, nikasahihisha madaftari. Usingizi niliupata kwa vipande, na hata huo nililala nikiwaza kama mama anapumua. Mafua ya darasani yalinipata yote, moja likiisha lingine linaingia. Nilichoka, jamani. Nilichoka hata kuambiwa pole. Mdogo wangu anayeishi Muze, kule bondeni, alipiga simu akitaka kuja kunipokea zamu, nikamjibu kwa kiburi, "Kaa huko na joto lako. Mimi nimeweza."

Asubuhi moja mama alikataa uji. Mwili ulikuwa wa moto na pumzi zilikuwa fupi fupi. Hospitalini walisema ni nimonia, wakamwekea oksijeni. Daktari, binti mdogo kabisa, alinigeukia.

"Shikamoo, mama. Na wewe unakohoa tangu lini?"

"Marahaba. Ni vumbi la ulezi tu, mwanangu."

"Mmemaliza kupura lini?"

Nikahesabu kwa vidole. Ulezi ulikuwa ghalani tangu wiki tatu nyuma.

"Unalala vizuri?"

Nilicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akaningoja nimalize, akasema taratibu, "Mama, mtu akiishi na uchovu na wasiwasi muda mrefu, kinga ya mwili inashuka. Mafua ambayo mwenzako anayamaliza kwa siku tatu, wewe unakaa nayo. Na ukikaa nayo, unawapa wengine."

Sikuhitaji aendelee. Nilikuwa nimewafukuza wajukuu na majirani, kumbe mwenye mafua alikuwa yule anayeshika kijiko. Niliona aibu.

Mdogo wangu alipanda kutoka Muze siku ileile, akitetemeka ndani ya makoti mawili. Alininyang'anya kapu la mashuka, akaniambia, "Dada, nenda kalale." Nilirudi Izia nikalala kama mgonjwa, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya pili kikohozi kiliondoka chenyewe, bila hata tangawizi.

Mama alipona, akarudi Pito. Nilipoenda kumwona nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akasema kwa ule mdomo wake unaoburuta maneno:

"Nilijua si ulezi."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Ningesema, ungeondoka."

Nilimkasirikia, nikamhurumia, vyote kwa wakati mmoja, na machozi yakanitoka hapo hapo. Kisha nikaenda jikoni, nikamwomba mdogo wangu asirudi Muze kwanza, tumuuguze kwa zamu.