Mkalimani Hafiwi

Asubuhi ya ibada ya kumuaga Kitavi, Phoebe alipiga pasi blauzi yake nyeusi ya kazi. Hakutaka siku hiyo iwe ya kazi. Mapema wiki ile alikuwa amempigia simu mkalimani mwenzake, Clifford, akamwambia, "Hii ya Kitavi nishikie. Mimi nataka kukaa tu. Nikae kwa kiti nilie kama watu." Clifford akamjibu, "Sawa dadangu, hiyo wachia mimi." Lakini sasa Clifford alikuwa kwenye simu akinong'ona kutoka hospitalini. Mkewe ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, pole sana Phoebe, hata sijui niseme nini. Phoebe akamwambia asiwe na wasiwasi, akamtakia mama mtoto heri, akarudi kwa pasi. Hakukasirika. Mtu angetarajia akasirike kidogo, arushe hata kitambaa, lakini wapi!

Wakalimani wa lugha ya ishara hawaokotwi barabarani. Bila mkalimani, viziwi wote waliotaka kumuaga Kitavi wangeketi kanisani wakitazama midomo ya watu ikifunguka na kufungwa. Tena katika ibada ya Kitavi. Ya Kitavi, jamani! Phoebe akavaa blauzi.

Kwa asiyemjua, Kitavi alikuwa kiziwi tangu utotoni, na msumbufu tangu utotoni vilevile. Nasema msumbufu kwa heshima zote. Mwanamke kiziwi akienda kujifungua, wauguzi wamfokee kwa maneno asiyoyasikia, kesho yake Kitavi yuko mapokezi. Kijana kiziwi akiwekwa ndani eti amekataa kujibu maswali ya askari, Kitavi yuko kaunta, amevuta kiti na hatoki. Alichotaka kilikuwa kitu kimoja, na alikidai mpaka akaota mvi: asiyesikia apewe mkalimani, si kwa kuhurumiwa, ni kwa sababu ni haki yake. Kuna mahali mjini walimwajiri mkalimani kwa sababu mkubwa wao alichoka tu kuupita uso wa Kitavi kila asubuhi akienda ofisini kwake.

Phoebe alipokutana naye hakuwa na habari na ishara. Alikuwa ametoka kwao Vihiga, akafungua kibanda cha chai na chapati nyuma ya mafundi wa fanicha wa Ngong Road, karibu na Adams Arcade. Wakati huo Kitavi alikuwa seremala pale, yeye na viziwi wenzake kadhaa, na saa ya chai walijaa kwenye benchi la Phoebe, mikono ikienda mbio, wakicheka mpaka machozi. Phoebe akaingiwa na wasiwasi kwamba wanamsengenya. Basi akaanza kujifunza ishara kisirisiri, moja leo, moja kesho, ili awanase. Akawanasa kweli. Kumbe walikuwa wakisema chapati zake ni ngumu, ukimrushia mwizi moja inamwangusha. Alipowajibu kwa mikono kwamba hizo hizo ngumu mbona hazibaki, benchi zima lilipigwa na butwaa, kisha Kitavi akacheka mpaka akaanguka chali. Siku hiyo wakampa jina, maana kwa viziwi jina lako la ishara hujichagulii: mikono miwili inayosukuma chapati. Phoebe alikuwa ametarajia kitu kizuri zaidi.

Tangu hapo Kitavi hakumpa nafasi ya kupumua. Leo twende polisi, kesho hospitali, kesho kutwa kuna mkubwa fulani mjini lazima tumwone. Alimsumbua mpaka Phoebe akaenda kusomea ukalimani, akafunga kibanda, ikawa ndiyo kazi yake ya kulipia nyumba pale Kangemi. Na kazi hiyo ina masharti. Huongezi neno wala hupunguzi, hata kama ni la kijinga, hata kama ni tusi. Halafu wewe mwenyewe haupo. Kiziwi akisema kwa mikono kwamba ana njaa, mkalimani hasemi "anasema ana njaa." Anasema "nina njaa," kama ni tumbo lake linalolia.

Hilo liliwaletea vituko. Siku moja, kwenye lango la ofisi fulani katikati ya jiji, Phoebe alimwambia bawabu, "Mimi ni kiziwi, nimekuja kumwona mkurugenzi." Bawabu akampima kuanzia juu mpaka chini. "Wewe mama unaongea vizuri hivi, utakuwaje kiziwi? Mnaanza uongo mapema hivi?" Kitavi alipotafsiriwa maneno hayo, macho yakamwaka kwa furaha, akajibu. Na Phoebe, uso mkavu, hana la kufanya, akamwambia bawabu, "Nimepona sasa hivi kwa lango lako. Mungu akubariki." Bawabu alifungua.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka mingi, mmoja akiwa na maneno na mwingine akiyatoa nje, mpaka Kitavi alipoanguka kwa ugonjwa wa presha, akalazwa.

Mchana mmoja daktari kijana alimwita mke wa Kitavi, Nzembi, kwenye kijichumba cha kando. Nzembi naye ni kiziwi, kwa hiyo Phoebe aliingia pamoja naye. Mutiso, kakake Kitavi, alikuwa amesimama mlangoni. Daktari akasema, "Tumejaribu kila kitu, mama. Lakini Bwana Kitavi ametuacha." Alisema hayo akitazama meza. Nzembi hakuwa akimtazama daktari, alikuwa akitazama mikono ya Phoebe. Na kwa ishara huwezi kumzungusha mtu, ukimwambia ametuacha atakuuliza ameenda wapi. Phoebe akamtazama Nzembi machoni akamwambia Kitavi amekufa.

Nzembi alitoa sauti ambayo Phoebe hajawahi kuisikia kwa binadamu, akaangukia kifua cha shemeji yake. Na Phoebe je? Phoebe akamgeukia daktari, kwa sababu daktari alikuwa bado anaongea, mambo ya mochari na vitambulisho, na mtu lazima ayapokee. Akayapokea. Akangoja Nzembi ainue uso, akampa hayo nayo.

Hapo ndipo alipokufa ganzi, na ganzi haikumtoka. Alikunywa chai bila kujua kama ina sukari. Alivuka barabara na madereva wakamtukana, asishtuke. Siku moja alijifungia ndani, akatoa picha ya Kitavi kwenye simu na kuitazama muda mrefu, akijilazimisha kulia. Hakuna kilichokuja. Akajiona mtu mbaya, mtu wa roho ya jiwe, kisha hata kujiona mbaya kukamwishia, akaenda kufua.

Kamati ya mazishi ilikutana nyumbani kwa Mutiso, Kileleshwa. Watu walikuja kila jioni, wa kanisa, wa ukoo kutoka Mwingi, wa chama cha viziwi, majirani wa ghorofa za juu na za chini. Kila asiye kiziwi alipoingia alimshika Nzembi mkono akisema, "Pole sana mama, pole kwa kufiwa," na Phoebe, akiwa amesimama kando ya kiti, akaifikisha pole hiyo kwa mikono yake. Kisha anayefuata. Kisha anayefuata tena. Zilipita kwake pole za kutosha kijiji kizima, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Mutiso alikuwa mtu mwema tu, hana ubaya, lakini alimwambia, "Phoebe, si utatusaidia na wale watu wa ishara siku ya ibada? Najua wewe huchoki." Phoebe akasema hakuna shida, na usiku huo ndipo alipompigia Clifford. Kitavi angemcheka sana.

Basi akafika kanisani, pale karibu na Adams Arcade. Mlangoni palikuwa na msichana mwenye kikapu cha vitepe vyeupe, anawabandika wafiwa kifuani. Alipomfikia Phoebe mkono ukasita. "Auntie, wewe ni wa familia ama ni wa ishara?"

"Wa ishara."

"Sawa, basi wewe utasimama pale kando ya spika."

Akaenda kusimama kando ya spika. Viziwi walikuwa wamekalishwa nyuma kabisa, karibu na vyoo, lakini hao walikuwa wanafunzi wa Kitavi. Waliinuka bila kumuuliza mtu, wakabeba viti vyao hadi mbele, wakaketi. Wahudumu wa kanisa walitazamana wakaacha.

Ibada ikaanza na mikono ya Phoebe ikaanza. Ilikwenda vizuri, labda hata vizuri kuliko siku nyingine, maana haikuwa na mtu wa kuisumbua. Wimbo, sala, historia ya marehemu. Alizaliwa, akasoma, akaoa. Jeneza lilikuwa hapo, angeweza kulifikia kwa mkono kama mikono ingekuwa na nafasi. Hakulitazama. Alimtazama anayeongea, akawatazama viziwi, basi.

Pasta Kimanzi alihubiri vizuri, naye alikuwa amempenda Kitavi kwa dhati, lakini akafika mahali akainua mikono juu. "Ndugu zangu, tusilie! Kule aliko leo, Kitavi anasikia! Masikio yake yamefunguliwa!"

"Amina!" likaitika kanisa.

Phoebe hakuongeza wala hakupunguza. Aliwapa viziwi vilevile: Kitavi anasikia, masikio yamefunguliwa. Safu ile ya mbele ikapasuka kwa kicheko. Wanaume wazima walikuwa wakipiga mapaja. Mmoja akaashiria kwamba Kitavi atakuwa ameshakwenda kwa Mungu kurudisha masikio na kuitisha mkalimani. Pasta alisimama mdomo wazi, hajui kosa lake ni lipi. Siku nyingine Phoebe angeuma mdomo mpaka utoke damu ili asicheke. Safari hii hakuhitaji kuuma chochote.

Mwishoni wakamwita Nzembi.

Phoebe akahama, akaketi kiti cha mbele kumwelekea, akapewa maiki. Sasa kazi ilikuwa imegeuka, Nzembi ataongea kwa mikono na Phoebe atasema kwa sauti.

"Mimi ni Nzembi," alisema Phoebe. "Kitavi alikuwa mume wangu. Mmemsifu sana, asanteni. Lakini alikuwa anapika vibaya, tena alikuwa anakoroma. Hilo la kukoroma niliambiwa na majirani."

Kanisa likacheka, hata Mutiso, machozi yakimtiririka.

"Kuna hospitali moja ilikuwa imemwahidi mkalimani. Mpaka leo hajaandikwa. Jumatatu baada ya mazishi mimi naenda kukaa kwa kile kiti chake cha mapokezi. Anayetaka kuja aje, abebe chai, maana huwa tunakaa."

Viziwi wakainua mikono juu wakaitikisa, ndiyo makofi yao. Nzembi akangoja imalize. Kisha akageuka, akamnyooshea Phoebe kidole.

"Sasa nataka kuongea juu ya huyu mwenye maiki," alisema Phoebe, na maneno yalikuwa yameshatoka kabla hajajua ni nani anayesemwa.

Kanisa zima likamtazama. Hakuna mtu aliyekuwa amemtazama yeye, si mikono yake, siku hiyo, na hakujua auweke wapi uso wake. Lakini mikono ya Nzembi ilikuwa inaendelea, na mikono ikiendelea lazima na wewe uendelee.

"Siku ile hospitalini, daktari alitazama meza. Huyu ndiye aliniambia. Alinitazama machoni akaniambia." Sauti ya Phoebe ilikuwa bado ile ile ya kazi, tambarare. "Tangu siku hiyo mmeniletea pole nyingi, mpaka nimechoka. Zote zilipitia kwa mikono ya huyu. Nimekuwa nikimwangalia. Hakuna mtu amempa yake."

Mutiso aliinamisha kichwa. Phoebe alitamani, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kulitamani baada ya siku nyingi, kuruka kinachofuata. Angeweza. Nani kati ya wenye masikio angejua? Nzembi alikuwa akimtazama midomo, akisubiri aone kama atasema.

"Phoebe," alisema Phoebe kwenye maiki, akijiita mbele za watu, "alikuwa rafiki yako kabla hajawa kazi yako. Na wewe umefiwa."

Aliisikia ikitoka kwenye spika, sauti yake mwenyewe, ikimwambia yeye.

Nzembi akafanya ishara moja, ndogo. Pole. Kisha akatulia, akangoja mkalimani amalize.

Phoebe akafungua kinywa. Lilikuwa neno aliloligawa kwa watu wiki nzima, neno la kawaida kabisa, na halikutoka. Akajaribu tena. Kanisa likangoja, spika zikavuma zenyewe, mtoto akakohoa nyuma. Pasta Kimanzi akateremka kutoka madhabahuni, akainama karibu naye.

"Dada Phoebe," akauliza kwa upole, "amesema nini?"

Phoebe alikuwa analia.