Charahani Iliyotaka Umbea

Miguu yangu ilinyauka kwa homa nikiwa mdogo, na shoga yangu wa Chwaka haoni tangu kuzaliwa. Miaka michache baada ya Mapinduzi, nyumba moja ya Mji Mkongwe ilifunguliwa darasa la ushonaji kwa watu kama sisi, siku hizo tukiitwa wasiojiweza, jina nililolichukia na nalichukia hadi leo. Mwalimu alitutazama, akaitazama charahani ya miguu, akatukalisha sote wawili benchi moja. Shoga yangu akanyage, mimi niongoze kitambaa.

Shida ilikuwa mwendo. Nikimwambia polepole, anasimama kabisa. Nikimwambia haraka, sindano inataka kidole changu. Mpaka siku moja nikamhadithia ugomvi wa wake wenza wa mtaani kwetu, na pindo zima la sketi likaisha bila ya kwenda kombo. Tukagundua kwamba umbea ukikolea, miguu yake hukimbia. Nikizungumzia maziko, hupoa. Umbea wa kweli uliponiishia nikawa natunga, Mungu anisamehe.

Mwisho wa mafunzo ukaja mtihani wa kushona shati. Atakayefaulu atabaki pale kushona sare za skuli, na chakula cha mchana atapewa. Atakayeshindwa arudi kwao. Kwetu ni ukumbini kwa kaka yangu, nikichambua mchele huku wifi akiwaambia wageni, "Huyu hana kazi, maskini." Nilikuwa radhi kushona hata turubali nisirudi kule.

Afisa aliyekuja kutusimamia alipenda nidhamu. "Kimya!" akasema, na miguu ya shoga yangu ikasimama. Nikamgusa goti. Akakanyaga mbio, mshono ukaiacha kola ukaingia begani. Nikafumua, kisha nikafungua mdomo.

"Basi shoga, yule bwana si kaoa wa pili kwa siri!"

"Nani anazungumza?" afisa akafoka.

"Hiyo ni mashine, bwana," mwalimu akajibu. "Haiendi bila ya maneno."

Nikaendelea. Wake wawili wakakutana harusini, hawajuani, wamejifunga kanga za aina moja walizonunuliwa na mume mmoja. Miguu ikachapa, ubavu wa shati ukaisha. Nilipofika kwenye kola nikamfisha nyanya yake bwana harusi, na mwendo ukapungua.

Afisa alikuwa ameshavuta kiti karibu. "Enhe, na wale wake?"

"Subiri bwana, nipo kwenye kona."

Shati lilipokwisha aliuvuta mshono kwa vidole, haukufumuka. Hata hivyo akakunja uso. Nafasi ni ya mshonaji mmoja, akasema, sasa mshonaji hapa ni nani?

Shoga yangu akainua miguu. "Haya, shona," akaniambia. Sindano haikutikisika. Kisha nami nikatoa mikono, yeye akakanyaga, sindano ikapanda na kushuka bila ya kitambaa.

"Basi nyinyi ni fundi mmoja," afisa akasema.

"Kwenye kazi, bwana," shoga yangu akamjibu. "Kwenye sahani sisi ni wawili."

Alicheka mpaka akavua miwani, na nafasi mbili tukapewa. Mwalimu akatwambia Jumatatu tusichelewe. Nikalia pale pale, maana tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia nisichelewe popote.